Ubeti wa Tatu

Jumapili, 17 Novemba

Nimestaafu ualimu tangu Julai na mkono bado unadai kuandika. Miaka yote nilikuwa naandika andalio la somo kila jioni, sasa jioni ikifika nazungukazunguka ndani natafuta kalamu bila sababu. Basi niandike. Mvua bado. Vumbi la huku kwetu Nzuguni limeingia hadi kwenye chupa ya chai.

Baba Anyesi leo amehubiri kifupi, jambo ambalo sijawahi kuliona. Bartolomayo mume wangu ni mwinjilisti wa kanisa letu tangu ujana, na akishika Biblia watoto hulala, huamka, wakalala tena. Leo kamaliza kabla mtoto hata mmoja hajasinzia. Njiani nikamwambia, "Leo ndiyo umeokoka." Akacheka huku amejishika ubavu.

Jumatano, 20 Novemba

Tumepogoa zabibu. Walipopima viwanja huku kwetu tulibaki na nusu eka nyuma ya nyumba, na sasa kuta za majirani zimetuzunguka pande tatu. Tangu tuoane kupogoa ni kazi yake. Yangu ni kuvuna na kugombana na wanunuzi.

Leo kanipa mkasi mimi. Kapindua ndoo, kakaa juu yake, anaelekeza. Acha macho mawili kwenye kila tawi, kata hapo, kata mshazari, hapana, umekata karibu sana. Nikamwambia uvivu wa uzeeni umemwanza mapema.

"Nataka ujue," akasema.

"Nijue ya nini na wewe upo?"

Alikuwa anaangalia mawingu upande wa Ihumwa.

Jumatatu, 25 Novemba

Tumbo lake limemsumbua wiki nzima, leo Anyesi kampeleka hospitali. Anyesi ni binti yetu wa pekee, anafanya kazi ofisi ya serikali na anakaa mjini, Area D. Nilitaka kwenda nao, wakasema nibaki na mafundi waliokuja kutengeneza tangi. Mafundi hawakuja.

Wamerudi na mfuko wa dawa. Vidonda vya tumbo, wanasema. Asile pilipili kabisa. Nikasema basi na mimi nifungashe, maana jina langu humu ndani ni Pilipili tangu wiki ya fungate. Anyesi hakucheka. Alikuwa anaosha vikombe ambavyo nilishaviosha.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua ya kwanza. Ardhi imenukia vizuri, tumepanda uwele na karanga kwenye kipande cha mbele.

Jumapili, 8 Desemba

Suruali zake zimekuwa kubwa. Nimeamua kila Jumatano nifunge kwa ajili yake, asubuhi hadi jioni, nisile wala nisinywe. Nimemwambia Mchungaji Matonya baada ya ibada. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Endelea, mama," akasema. "Bwana anasikia."

Jumatano, 11 Desemba

Nimefunga. Kichwa kinauma.

Jumatano, 18 Desemba

Nimefunga. Mvua imenyesha, mizabibu imetoa majani mapana. Hilda, mwenyekiti wa umoja wetu wa akina mama, kaleta kuku. Wiki iliyopita alileta unga. Sijui safari hii anataka nimpigie kura ya nini.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Baba Anyesi kala vijiko viwili vya pilau, halafu kasema ameshiba, yule ambaye zamani alikuwa anasubiri sufuria ikwanguliwe. Kanisani watu wametukumbatia sana. Hilda alinishika hadi nikahisi kitambaa chake cha kichwa kinalegea. Nikamwambia, "Niachie, Hilda, bado nina jiko linawaka."

Jumatano, 1 Januari

Nimefunga ingawa ni mwaka mpya. Baba Anyesi aliniangalia nikimpakulia yeye peke yake, akasema, "Kula hata uji." Nikamwambia aache kunitega kama nyoka wa Edeni. Akageuza uso.

Jumanne, 7 Januari

Nilikuwa napalilia karanga waliporudi kutoka kwenye vipimo vya pili. Yeye alishuka kwenye bajaji taratibu, akaja hadi shambani na viatu vyake vizuri, nikaanza kumgombeza kuhusu matope. Akaningoja nimalize.

"Wamepima tena," akasema. "Kidonda hakionekani."

Nikamuuliza Anyesi kama ni kweli. Anyesi akasema, "Ni kweli mama," akaingia ndani haraka, akasema anatafuta choo.

Nilipiga magoti palepale kwenye tope. Ee Mungu, nilisahau hata jembe lilikuwa mkononi. Nimekaa nalia na kucheka na Baba Anyesi kasimama mbele yangu hajui mikono aiweke wapi. Ndivyo alivyo, furaha humshinda kuliko huzuni.

Jumapili, 12 Januari

Leo nimetoa ushuhuda, na nataka kuuandika wote nisije nikausahau.

Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno la kumshukuru Mungu, nilisimama kabla hajamaliza kuuliza. Nilikuwa nimevaa sare yangu ya umoja, nimeipiga pasi tangu jana. Nikaenda mbele. Nikawaambia kwamba mume wangu aliugua, kwamba nilifunga kila Jumatano, kwamba wapo wanaosema siku hizi Mungu hasikii kama zamani, lakini mimi ninaye shahidi, yule pale, benchi la mbele, amevaa kola nyeupe. Hospitali wametafuta kidonda wamekikosa. Nikasema, "Nani kama Bwana?" Wakaitikia. Nikapiga vigelegele mwenyewe, mimi ambaye wenzangu wananicheka kwamba vigelegele vyangu ni vya mwalimu anayeita watoto mstarini.

Walipiga makofi. Kanisa zima, makofi marefu. Hilda alilia hadi akatolewa nje apate hewa. Obedi, kiongozi wa kwaya, mtoto wa mdogo wake mume wangu, alichelewa kupiga kinanda. Kawaida ushuhuda ukiisha kinanda kinadaka papo hapo, leo kilikaa kimya, Obedi kainamisha kichwa, hadi mwimbaji mmoja akamgusa bega. Uwepo wa Mungu ulikuwa mzito mahali pale. Mchungaji akasema "Amina" kwa sauti ndogo akaenda moja kwa moja kwenye matangazo.

Baba Anyesi hakutoa machozi. Alinipa nafasi nikae, akanishika kiganja, kiganja chake kilikuwa baridi.

Jumatano, 15 Januari

Nimefunga, safari hii kwa shukrani.

Jumatano, 22 Januari

Nimefunga. Mvua kila siku. Zabibu zimeshika vizuri, vichala vinaning'inia vya kijani.

Alhamisi, 30 Januari

Macho yake ni ya njano. Anasema ni dawa za malaria. Mimi nimefundisha sayansi darasa la tano kwa miaka mingi, nazijua dawa za malaria. Lakini nimeshasimama mbele ya watu nikasema amepona. Nikianza kuuliza sasa, ninamuuliza nani? Nitakuwa namwambia Mungu arudishe nilichokwisha kumshukuru. Nimefumba kinywa.

Jumamosi, 8 Februari

Analala mchana. Mvua imekatika, jua kali, majirani wanasema uwele utakauka ukiwa unatoa masuke.

Jumatano, 12 Februari

Nitaandika yote.

Mimi ndiye ninayefua vitambaa vya meza ya Bwana. Huwa navirudisha Jumamosi. Leo vilikuwa vimekauka mapema kwa jua hili, nikasema nivipeleke alasiri nikipata na hewa kidogo. Kwaya huwa inafanya mazoezi Jumamosi. Nilipokaribia nikasikia wanaimba, nikashangaa, nikafurahi kwamba kuna wimbo mpya wa Pasaka. Nikasimama dirishani, upande wa mahindi, nisiwakatishe.

Haukuwa wa Pasaka. Ni wimbo wa kumuaga marehemu. Ulianza, "Nimemaliza kazi yako, Baba, mimi Bartolomayo." Nikafikiri kuna Bartolomayo mwingine. Kweli nilifikiri hivyo, nikawa napitisha kichwani majina ya wazee wa mtaa wa pili. Ubeti wa pili ukataja mizabibu. Kisha Obedi akasema, "Sasa wa tatu, sauti ya pili msiburute, huu ndio wa mama." Mwimbaji kiongozi akaanza:

"Emiliana mke wangu..."

Wote wakaitikia, "Usilie."

"Ulinitunza kwa upole..."

"Usilie."

Sauti ya kwanza wakawahi kuingia, wakacheka, Obedi akasema turudie. Wakarudia. Emiliana mke wangu, usilie. Wakakosea tena. Wakarudia. Nimesimama kwenye mahindi na vitambaa vya meza ya Bwana kifuani nasikiliza watu wakijifunza kunibembeleza. Nilivisikia vile vicheko vyao vya mazoezi, ni watoto wazuri, wengi niliwafundisha kusoma. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Walikuwa wanataka siku ikifika waimbe vizuri.

Niliviacha vitambaa mlangoni kwa mlinzi. Nimefika nyumbani nimekuta amelala. Sijamwamsha. Nimekunywa uji. Leo ilikuwa siku ya kufunga, nimekunywa uji bakuli zima.

Alhamisi, 13 Februari

Asubuhi alikuwa barazani, anamenya karanga kwenye ungo. Sikumsalimu. Nilisimama mbele yake nikaimba ubeti wa tatu, wote, na kiitikio nikaitikia mwenyewe.

Vidole vyake vilisimama.

"Nani amekuambia?"

"Sauti ya kwanza."

"Mama Anyesi, kaa."

"Nimesimama."

Akauweka ungo chini. "Ni ini," akasema. "Saratani. Walituambia Novemba. Hakuna cha kukata."

"Na Januari? Walipokitafuta kidonda wakakikosa?"

"Januari hatukwenda hospitali. Tulikwenda kwa Anyesi, tukanywa chai, tukarudi."

Chai. Mimi niliyepiga magoti kwenye tope, walikuwa wanatoka kunywa chai.

Nikamuuliza wanaojua ni kina nani. Akawataja pole pole: Anyesi, Mchungaji, Obedi, wazee wa kanisa, Hilda, na sasa kwaya. Nikasema basi ni rahisi kutaja asiyejua. Nikamuuliza wimbo katunga nani, akasema yeye. Kila neno. Obedi katia sauti tu.

"Kwa nini?" nikasema. "Mimi nimekukosea nini?"

"Kila niliyemwambia alibadilika," akasema. "Mchungaji ananishika kwa mikono miwili. Obedi haniangalii usoni. Hilda akiniona tu machozi. Wewe ulikuwa bado unanigombeza kuhusu viatu. Nilitaka mtu mmoja tu, humu ndani, asiyenitazama kama maiti."

"Kwa hiyo ukanifanya kichekesho."

"Nilitaka ubaki mke wangu. Ukijua ungekuwa muuguzi."

"Na ushuhuda? Ulikuwa benchi la mbele, Baba Anyesi. Uliniona nasimama."

"Nilitaka kukuvuta nguo," akasema. "Nikachelewa."

Nimeurudia ukurasa wa tarehe kumi na mbili Januari. Mwandishi wake namwonea huruma, anaandika kwamba uwepo wa Mungu ulikuwa mzito. Kilichokuwa kizito ni aibu. Watu wale walipiga makofi marefu kwa sababu hawakujua waache saa ngapi. Mchungaji aliniona nikifunga wiki baada ya wiki akaniambia Bwana anasikia, huku na yeye alikuwa ameshasikia.

Nimemshukuru Mungu kwa jambo ambalo hakulifanya, mbele ya watu waliojua hakulifanya. Sijui aliipokeaje shukrani ile. Labda naye aliinamisha kichwa kama Obedi. Lakini nikifikiri vizuri, yeye peke yake ndiye hakuniambia uongo. Hakuniambia kitu.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 17 Februari

Anyesi kaja baada ya kazi. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba nikaendelea kuchambua mlenda. Akasema baba alimwapisha. Nikamuuliza tangu lini mtoto niliyemzaa mimi anaapishwa dhidi yangu. Akasema, "Mama, sori, mimi nilitaka kukuambia, kila siku nilikuwa nakupigia simu ili nikuambie." Kweli alikuwa ananipigia kila siku. Ananiuliza nimepika nini.

Alilia, nikamwacha alie. Baadaye nikampa mlenda na ugali wa uwele akala. Siwezi kumwangalia mtoto akiwa na njaa, hilo halihusiani na kusamehe.

Ijumaa, 21 Februari

Namwogesha, namlisha, nampa dawa ya maumivu kwa saa. Hatuzungumzi. Amepata alichokikimbia, muuguzi.

Jumatano, 26 Februari

Mchungaji Matonya kaja na Meza ya Bwana kwa mgonjwa. Katandika kile kitambaa nilichokifua mimi. Tulipofika mahali pa kupeana amani, alimpa mkono mume wangu, kisha akanigeukia mimi. Mikono yangu nilikuwa nimeifunga kwenye khanga, nikaiacha humohumo.

"Mama Anyesi," akasema.

"Mchungaji, nina neno na wewe. Na nina neno na huyo aliyelala. Siwezi kula na neno."

"Haikuwa siri yangu kuitoa."

"Na kufunga kwangu? Ungeniambia hata, mama, kula. Bila kutoa siri ya mtu."

Alifikiri. Ni mtu mwema, nilimwona anafikiri kweli. "Kufunga hakupotei," akasema mwishoni.

"Uji ulipotea," nikamwambia.

Baba Anyesi alicheka kitandani. Kicheko kikamgeuka kikohozi, nikaenda kumwinua. Wao walikula mkate, mimi sikula. Mchungaji alipoondoka nilimsindikiza hadi njiani kama kawaida, tukaongea habari za ukame.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mvua imerudi, kubwa, ya upepo. Watu wanafunga. Mimi nimekula asubuhi, mchana na jioni.

Jumamosi, 8 Machi

Leo aliamka na nguvu, akaomba nimpeleke nje. Ana uzito wa mtoto wa shule. Nilimkalisha barazani nikamfunika shuka, tukaangalia maji yakipita kati ya mistari ya mizabibu.

"Ubeti wa tatu haukukupendeza," akasema. Ni kama tulikuwa katikati ya mazungumzo.

"Nani alikuambia mimi ni mpole? Miaka yote unaniita Pilipili, ukifa nageuka mpole?"

"Pilipili haiingii kwenye tuni."

Nilicheka. Sikutaka, ilinitoka. Kisha nikamwambia ukweli, kwamba sitaki kuambiwa nisilie. Nisilie kwa nini? Wote wamekuwa na muda tangu Novemba wa kulia polepole, kwa zamu, kwa staha. Mimi nimepewa mwezi mmoja.

"Niweke nini, basi?"

"Weka ulichofanya."

Alifumba macho, nikadhani kalala. Midomo ilikuwa inahesabu tuni. Kisha akaimba, sauti ya kukwaruza:

"Emiliana, nisamehe..." akanionyesha kidole niitikie.

Nikaitikia, "Sikukwambia."

"Njia yangu niliijua..."

"Sikukwambia."

Inakaa kwenye tuni vizuri kuliko ile ya kwanza. Tuliimba hadi tukaishika. Alasiri nzima tumekaa pale, mtu na mkewe, tunatengeneza wimbo wa msiba wake, na niseme wazi kwamba ndiyo alasiri nzuri kuliko zote tangu mvua zianze. Tungekuwa nazo nyingi kama hii. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Alikuwa nazo kibindoni akazitumia kunyamaza.

"Utamwambia Obedi?" nikamuuliza.

"Nitamwambia."

"Mbele ya watu walionipigia makofi, haohao, waimbe hivi."

"Nitamwambia, Pilipili."

Nikampa mkono. Sikumwambia ni wa amani, lakini yeye ni mwinjilisti, anajua.

Jumatatu, 10 Machi

Obedi kaja kumwona. Waliongea nikiwa shambani. Akipita kuondoka aliniambia, "Shikamoo mama mkubwa," macho chini.

Alhamisi, 13 Machi

Baba Anyesi amefariki leo mchana.

Mvua ilikuwa inanyesha. Anyesi alikuwa ameshika miguu yake, mimi kichwa. Kabla ya hapo alifungua macho akaniuliza, "Zabibu zikoje?"

Zabibu zimeoza safu zote za chini, kwa mvua hii. Nilikuwa na jibu jingine mdomoni, tamu, lilikuwa rahisi kabisa kulitoa. Anyesi alinitazama.

"Za chini zimeoza," nikasema. "Za juu ni nzima."

Aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Alisema, "Za juu vuna mapema." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Jumamosi, 15 Machi

Tumemzika. Watu walijaa hadi kwenye kuta za majirani, viti vya kukodi havikutosha. Bi Mehnaz mwenye duka la vitambaa mjini, anayeuuzia umoja wetu sare, alikuja na dada zake wakakaa na wanawake, akanishika mkono akasema tu, "Pole dada," na hakusema zaidi. Nilimshukuru kwa hilo.

Kwaya wakasimama kando ya kaburi. Ubeti wa kwanza. Wa pili, wa mizabibu. Nikajiandaa, nikainua uso ili kila mtu anione ninavyoupokea. Nilitaka wasikie kutoka kwake kwamba sikuwa mjinga, nilidanganywa.

"Emiliana mke wangu..."

"Usilie."

Wameimba vizuri sana. Hakuna aliyewahi, hakuna aliyeburuta.

Basi nililia. Walipoitikia usilie nikapaza sauti, wakiitikia tena napaza zaidi, hadi akina mama wakanikamata mabega na wazee wakasema mwacheni, alimpenda sana. Ni kweli nilimpenda. Lakini kilio kile Obedi alikijua. Nilimwona kwenye kinanda, kichwa kimeinama vilevile kilivyoinama Januari.

Jumatatu, 17 Machi

Wageni wamepungua. Nimemwita Obedi nyuma ya nyumba.

"Baba yako mkubwa hakukuambia habari ya ubeti?"

"Aliniambia, mama mkubwa. Aliniimbia wote."

"Ukasahau?"

Alikuwa anakunja na kukunjua kofia. "Alisema tuimbe ule wa zamani. Alisema huu mwingine ni wenu nyinyi wawili, hauna haja ya kwenda kaburini."

Nimekaa nalo siku nzima. Huenda kwake ilikuwa heshima, kitu chetu, cha barazani, kisichoguswa na watu. Ningependa kuamini hivyo na ipo siku nitaamini. Lakini alinidanganya mbele ya kanisa zima, na msamaha akauomba barazani, ambapo hakuna aliyesikia isipokuwa mizabibu. Tena aliniambia "Nitamwambia", na kweli alimwambia. Hakuniongopea hata neno moja. Mtu alikuwa anakufa na bado ana ufundi huo.

Jumatano, 26 Machi

Tumevuna za juu, mimi, Anyesi na Hilda aliyekuja bila kuitwa. Abdulwahab, anayenunua zabibu zetu kila msimu, kasema mzee alimwambia tangu mwaka jana kwamba mwaka huu atanikuta peke yangu. Hata Abdulwahab.

Jumapili, 6 Aprili

Nimerudi kanisani. Nimekaa nyuma.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua imeisha. Nimeanza kupogoa. Macho mawili, mshazari, usikate karibu sana. Mkono unajua. Nilijikuta naongea naye kwa sauti, namgombeza, na mke wa jirani akachungulia juu ya ukuta. Kisha nikasali, mara ya kwanza tangu Februari. Nilimwambia Mungu sina la kumshukuru leo ila kama anataka tukae tu, tukae.

Jumapili, 27 Aprili

Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Wiki zote hizi amekuwa akiuliza bila kutazama upande wangu.

Nilisimama. Kanisa lilitulia hadi nikasikia bati likilia kwa jua. Nikapita katikati, nikafika palepale. Nilikuwa nimeandaa maneno, mengi, makali, nimeyapanga kama andalio la somo. Niliwaona wote pamoja. Hilda, Anyesi aliyekuja toka Area D, wazee, Mchungaji, watoto wangu wa kwaya. Maneno yakaniacha. Kilichobaki ni tuni.

"Emiliana, nisamehe," nikaimba.

Nikaacha nafasi ya kuitikia. Mimi si mwimbaji, sauti yangu ni ya kuita watoto mstarini. Hakuna aliyeitikia, nikaitikia mwenyewe, "Sikukwambia." Nikaendelea, "Njia yangu niliijua," na hapo kwenye kinanda Obedi akabonyeza taratibu, akaimba, "Sikukwambia," peke yake.

Nikaurudia ubeti tangu mwanzo. Tuni wanaijua, waliifanyia mazoezi Jumatano nyingi. Sauti ya pili waliingia kwanza, bila kuburuta. Kisha ya kwanza. Kisha nikasikia na huku mabenchini, wazee, na Hilda, na mwanangu, na Mchungaji kwenye kiti chake ameangalia sakafu, wote wakiitikia, "Sikukwambia. Sikukwambia."

Ubeti ulipoisha sikuurudia tena. Hakuna aliyepiga makofi. Nikarudi nyuma nikakaa.